Ng'ombe wa Gikonyo Waliacha Kucheua

Kuna msomaji mmoja wa Mwingi aliyenitumia ujumbe baada ya kusoma ya wiki jana. Aliandika, "Mulwa, wewe ni mwizi." Namjibu hapa ili wote msome: ndiyo. Lakini mwizi wa kawaida huiba kwa jirani akatoroka. Mimi niliiba nyumbani kwangu, kisha nikakaa mezani nikangoja chai.

Kwa wale ambao hamkuwa nasi, mimi ni Mulwa wa Kanyangi, Kitui. Kwa miaka sita mke wangu Kasiva alikuwa akitengeneza unga wa mimea, mchanganyiko wa majani na maganda ya miti yaliyokaushwa na kusagwa. Katika ile miezi mitatu ya mwisho kabla ya kuuza ng'ombe, kila fahali alinyunyiziwa kijiko kimoja kikubwa juu ya chakula chake. Hakuna dawa ya duka, hakuna sindano. Mafahali wetu walitoka bomani wakiwa na mgongo uliojaa na manyoya yanayong'aa, mpaka wanunuzi wakaanza kutufuata nyumbani.

Watu wakauliza, huu unga ni wa nani? Nikasema ni wangu. Nilisema hivyo kwenye siku ya wakulima pale Kanyangi, nikapigiwa makofi. Makofi ni matamu. Nikaenda kusema tena redioni, kwa Kikamba. Mtangazaji akaniuliza, "Na mama wa nyumbani, yeye anafanya nini?" Nikacheka. Nikasema mama anasaidia kuchekecha.

Kasiva alikuwa jikoni, redio imewashwa. Kesho yake asubuhi alirudi kwao Tawa, na mimi sikumfuata. Nilikuwa nimeshapata kazi. Mfanyabiashara mmoja wa Kibwezi aitwaye Gikonyo alinisikia redioni akanipa mafahali thelathini niwanenepeshe kwa siku tisini. Nikabeba magunia mawili ya unga ambayo Kasiva aliyaacha, nikaenda zangu Kibwezi nikipiga mluzi.

Huo mluzi ndio ninaotaka kuwaeleza ulivyokatika.

Wiki mbili za kwanza nilikuwa mfalme. Gikonyo alikuwa anakuja kila asubuhi na kikombe chake cha chai, anaegemea ua, anawatazama ng'ombe wake wakila.

"Mulwa, hii unga yako ni kali," aliniambia.

"Na bado," nikamjibu. "Kule nyumbani ilikuwa inapeanwa siku sita pekee. Jumapili bibi yangu anaweka nyasi na maji, basi."

"Kwa nini?"

"Kanisa, bosi. Hawezi kukoroga kitu siku ya Bwana. Lakini mimi nitakupea siku saba."

Gikonyo akanipiga begani. "Hapo sasa naona mtu wa biashara."

Nilivimba kichwa. Kwa miaka sita ile Jumapili ya Kasiva ilikuwa inaniudhi. Ng'ombe anajua Jumapili ni nini? Nilijiambia kwamba hata kama unga si wangu, hii siku ya saba ni yangu mwenyewe. Nimeuboresha.

Jumanne ya wiki ya tatu nilikuta mafahali wamesimama mbele ya hori wakitazama chakula. Hawakuli. Wengine walikuwa wamelala kivulini na midomo yao imetulia kabisa. Mtu yeyote aliyefuga anajua kwamba ng'ombe aliyelala mchana bila kucheua ana shida. Mimi nilijua. Nikajifanya sijui.

Gikonyo alikuja na chai yake.

"Mulwa, hizi ng'ombe zangu zimeokoka?"

"Kivipi, bosi?"

"Naona ziko kwa kufunga na maombi."

Nikacheka naye. Nikamwambia ni joto la Kibwezi, watazoea. Alipoondoka nikaongeza unga. Badala ya kijiko kimoja nikaweka viwili kwa kila mmoja. Nilikuwa na akili gani? Ile ya mtu anayeona gari limekwama kwenye mchanga na anazidi kukanyaga mafuta.

Kufikia Alhamisi wanane walikuwa chini. Kinyesi chao kilikuwa kidogo na kigumu, kama cha mbuzi. Ijumaa, saa nne asubuhi, fahali mmoja mwekundu mwenye baka jeupe usoni alinyoosha miguu, akakata roho mbele yangu.

Gikonyo hakunigombeza. Aliita daktari wa mifugo, mama kijana anaitwa Ciku, akaja na buti zake akaingia moja kwa moja ndani ya boma. Alibonyeza ubavu wa kushoto wa ng'ombe mmoja, akaweka sikio, akangoja. Akaenda kwa mwingine.

"Tumbo zimesimama," alisema. "Mnazipea nini?"

"Nyasi kavu, makapi ya mbaazi, mashudu ya pamba na molasi kidogo," nikajibu.

"Na nini ingine?"

"Unga ya mimea. Haina kemikali hata kidogo, daktari."

"Mimea gani?"

"Majani."

"Majani gani?"

Nikataja niliyoyajua kwa harufu. "Kitunguu saumu. Tangawizi. Kuna mlonge pia."

Ciku alichota unga kwa kidole akauonja. Uso wake ukajikunja. "Hii inakausha ulimi. Hii kahawia si mlonge. Haya ni maganda ya mti. Mti gani?"

Nikainama kufunga mdomo wa gunia.

Gikonyo akaweka kikombe chake juu ya nguzo ya ua, polepole.

"Mulwa. Umeulizwa mti gani."

"Hiyo ni siri ya kazi, bosi."

"Siri? Unaficha nani? Ile yenye imekufa?"

"Bosi, wacha nikueleze..."

"Unajua ama hujui?"

Sikujua. Ndugu zangu, huo unga ulitwangwa miaka sita, hatua kumi kutoka kwenye kiti changu. Sikuwahi kuinuka kwenda kutazama kinu. Nilijua bei ya kila fahali niliyeuza, nilijua jina la kila mnunuzi, lakini jina la mti sikulijua.

"Nani anajua?" Gikonyo akauliza.

"Bibi."

"Yule wa kuchekecha?"

Daktari Ciku aliinamia mkoba wake ili nisimwone akicheka. Nilimwona.

"Sikiza," Gikonyo akasema. "Kesho ni Jumamosi. Enda ulete huyo mama. Ukirudi peke yako, hiyo geti usiikaribie."

Mngedhani hapo moyo ulinivunjika nikaona kosa langu. Hapana. Niliona kitu kingine kabisa. Niliona kwamba Kasiva amenichezea. Nilisadiki kwamba kabla ya kuondoka alitoa kiungo fulani kwenye yale magunia ili niaibike. Usiku kucha nilipanga maneno ya kumwambia, na hata moja halikuwa la kuomba msamaha.

Lakini kwa wakwe huendi na ugomvi mkononi, unaenda na mbuzi. Kwetu, mke akirudi kwao kwa hasira, mwanamume anapeleka mbuzi kwa baba mkwe, anasimama uwanjani mbele ya wazee, anataja kosa lake kwa mdomo wake. Baba mkwe akimpokea mbuzi, mke anarudi. Nikanunua beberu mkubwa, mweupe, mwenye ndevu. Nilitaka aonekane kutoka mbali.

Nilifika Tawa saa sita mchana. Baba mkwe wangu, Mzee Kiema, alikuwa ameketi chini ya paa la ghala pamoja na ndugu yake Nzioka. Nikaketi nao, mgongo wangu ukielekea nyumba kubwa, kwa sababu humo ndani alikuwa mama mkwe.

Kwa msomaji asiye wa Ukambani, nieleze kidogo. Sisi tuna kitu kinaitwa nthoni. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawaongei ana kwa ana, hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja anapisha kando. Na ndani ya nyumba yake mkwe haingii. Leo vijana wanalegeza, wengine wanapiga hata picha pamoja harusini, lakini nyumba ya Mzee Kiema ni ya zamani. Kwa miaka ishirini na miwili ya ndoa sijawahi kujua mama huyo ana sura gani akicheka.

"Mulwa," Mzee Kiema akasema, "hiyo mbuzi ni ya nini?"

"Ya kuomba msamaha, Mzee."

"Msamaha ya nini?"

"Ni maneno kidogo tu ya nyumbani. Si unajua mambo ya watu wawili."

Mzee akamtazama Nzioka. Nzioka akatazama chini.

"Maneno kidogo," Mzee akarudia. "Mulwa, hata mimi niko na redio."

Nikamvuta beberu karibu. Kabla sijapata la kusema, Kasiva akatoka upande wa jikoni akipangusa mikono. Alikuwa amekonda. Au labda ni mimi ambaye sikuwa nimemtazama vizuri kwa muda mrefu.

"Umefika, Baba Ndinda," akasema. Ndinda ni binti yetu, yuko chuoni. "Habari ya Kibwezi?"

"Nzuri."

"Ng'ombe?"

"Zinakula."

"Zinakula vizuri?"

"Sana."

Akakaa juu ya jiwe, akanitazama. "Nikuulize kitu moja. Umekuja kuchukua mimi, ama umekuja kuchukua unga?"

"Wewe, Mama Ndinda! Unga ni nini? Nimekuja kwa sababu yako."

Kasiva akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali. "Sawa. Basi nimekubali. Ngoja nichukue mkoba, twende Kanyangi saa hii."

Kanyangi? Nilikuwa na ng'ombe wanane wamelala chini Kibwezi.

"Ee... tungepitia Kibwezi kwanza," nikasema. "Mara moja tu. Usalimie watu."

Nzioka alikohoa kile kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Mzee Kiema hakukohoa. Kasiva alibaki amekaa pale pale kwenye jiwe.

Nikalipuka. Nilikuwa nimekamatwa, na mtu aliyekamatwa hupiga kelele.

"Ulitoa nini kwa ile unga?" nikafoka. "Niambie ulitoa nini! Unataka kuniua?"

"Sikutoa kitu."

"Ulitoa! Ng'ombe nane ziko chini! Moja imekufa jana!"

Kasiva alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu nifike, uso wake ulibadilika, na haukubadilika kwa ajili yangu. Ulibadilika kwa ajili ya wale ng'ombe ambao hajawahi kuwaona.

"Unapea kijiko ngapi?"

"Mbili."

"Mbili! Na Jumapili?"

"Hata Jumapili. Mimi sichezi na wakati."

Alinitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia.

"Wewe ulidhani Jumapili ilikuwa ya nini?"

"Kanisa."

"Kanisa?" Sauti yake ilipanda. "Baba Ndinda, yale maganda yanakaza tumbo! Siku sita yanasaidia, chakula inashuka pole pole, ng'ombe haivimbi, minyoo haikai. Siku ya saba tumbo lazima ioshwe na nyasi na maji peke yake. Nilichagua Jumapili kwa sababu ndio siku naenda kanisa, siko nyumbani kusimamia. Ingekuwa Jumatano, ni sawa tu!"

Ile siku ya saba niliyojivunia, ile ndiyo iliyoua.

"Hukuniambia," nikasema. Sauti ilitoka ndogo.

"Uliniuliza lini?"

"Ungeniambia tu, hata bila kuulizwa."

"Mama alikuja kukuambia."

Wasomaji wangu, wiki jana kuna jambo niliwaficha. Niliruka siku nzima katika hadithi yangu nikitumaini hamtagundua. Sasa nalitoa.

Siku ya pili baada ya Kasiva kuondoka, nilikuwa natoka dukani Kanyangi nikielekea nyumbani kupakia magunia. Mbele yangu, katikati ya njia, alisimama mama mkwe. Alikuwa ametoka Tawa mpaka Kanyangi, mama wa miaka sabini na mitano, na vumbi limemjaa mpaka magotini. Nilipomwona nilifanya anavyofanya mkwe mwenye heshima. Niliruka nikaingia kando kwenye mikonge, nikajifunika uso kwa kofia.

Hakupita. Alisimama akaanza kusema, akiuelekea mti uliokuwa kando ya njia. Ndivyo wazee wetu hufanya jambo likiwa zito, huambia mti ili mkwe asikie. Nilisikia neno "unga". Nilisikia "siku ya saba". Nikadhani amekuja kunitukana kwa ajili ya binti yake. Basi nikaanza kuimba wimbo wa kanisa. Niliimba kwa nguvu, kofia usoni, mpaka nikasikia nyayo zake zikirudi alikotoka.

Nthoni haijawahi kunifaa kama siku ile. Niliitumia kama mtu anayejificha nyuma ya Biblia.

"Alirudi hapa jioni akiwa amechoka," Kasiva akasema. "Tukamuuliza, umemwambia? Akasema, 'Sijui kama amesikia. Mkwe wangu ana heshima sana.'"

Afadhali angenitukana.

"Lete simu," Kasiva akasema. "Mpigie huyo mwenye ng'ombe."

Nikapiga. Akainyakua mkononi mwangu, akaweka sauti ya juu.

"Haiya, Mulwa!" Gikonyo akaitikia. "Umempata?"

"Si Mulwa. Ni mimi yule wa kuchekecha."

Sauti ikashuka. "Mama. Habari yako."

"Toa unga yote kwa hori. Siku tatu nyasi peke yake na maji mingi. Weka magadi kidogo kwa maji. Zile zimelala zisimamishwe, zitembezwe asubuhi na jioni, hata kama zinakataa. Zikianza kucheua, nipigie."

"Naandika, mama. Naandika." Tulimsikia akimpigia mtu kelele alete nyasi. Kisha akarudi kwenye simu. "Lakini mama, nisaidie kitu moja. Nimepoteza ng'ombe. Nataka kujua naongea na nani. Hii unga ni ya nani?"

Mzee Kiema ndiye aliyejibu, ila hakumjibu Gikonyo.

"Swali nzuri," alisema. Akainuka, akaenda kwenye zizi la mbuzi, akarudi na kambuzi kadogo ka kike kamefungwa kamba shingoni. Nilijua maana ya yule mbuzi.

Tunamwita mbui ya ulee, mbuzi wa kukataa. Baba akikukabidhi kamba ya mbuzi huyo mbele ya mashahidi, mkono kwa mkono, ndoa yenu imekwisha. Hakuna kesi tena, hakuna wazee wa kurudi kesho. Unaenda nyumbani na mbuzi, mke anabaki.

"Mulwa," Mzee akasema, amekamata kamba. "Huyo mtu wa Kibwezi amekuuliza. Mimi pia nakuuliza. Nzioka ni shahidi. Unga ni ya nani?"

Simu ilikuwa bado wazi mkononi mwa Kasiva. Nikisema kweli, kazi ya Kibwezi imekwenda, na jina langu lote la redioni limekwenda nayo. Nikidanganya, kamba ni ile pale. Na nitawaambia jambo ambalo linanitia aibu mpaka leo: nilipima. Mke wa miaka ishirini na miwili, nilimweka kwenye mizani na mafahali wa mtu mwingine, nikachukua muda kutazama upande gani unashuka.

Kisha nikamtazama Kasiva. Alikuwa anaiangalia ile simu, hanitazami, na kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kukata. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hata yeye hakujua nitasema nini. Baada ya miaka yote hiyo, mke wangu hakuwa na uhakika.

"Si yangu," nikasema. "Haijawahi kuwa yangu. Nilidanganya Kanyangi, nikadanganya redioni, nikadanganya Kibwezi. Unga ni ya Kasiva."

Machozi yalinitoka, na sikuyapangusa.

"Basi wewe usirudi hapa," Gikonyo akasema kutoka simuni, bila hasira. "Mama, nitakupigia." Akakata.

Haikuniuma kama nilivyodhani. Nilihisi mwepesi. Nilikuwa nimepoteza kazi lakini nimesema, na kusema ndiko kulikotakiwa. Nikamgeukia mke wangu nikanyoosha mkono.

"Kasiva, nisamehe. Twende nyumbani."

Hakuushika ule mkono.

"Si yangu," akasema.

"Nini?"

"Unga. Si yangu, Baba Ndinda. Ni ya mama."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Yeye ndiye alianza, mwaka ule wa kiangazi kikali. Aliona ng'ombe zenye zilikula maganda kidogo zilibaki na mwili, zenye zilikula kila siku zilikufa. Alijaribu miaka tatu, akapoteza ndama zake mbili akijaribu. Kila mwezi alikuwa ananitumia gunia. Wewe ulidhani hiyo gunia ilikuwa nini?"

"Mbaazi," nikasema. "Nilidhani ni mbaazi." Gunia kutoka kwa mama mkwe sikuwahi kulifungua. Nthoni tena.

"Mimi kazi yangu ilikuwa kusaga na kuchekecha," Kasiva akasema. "Hiyo redioni ulisema kweli. Na nilikuambia mwaka wa kwanza ni ya nani. Ulisema 'ee, ee,' ukaendelea na simu yako."

"Sasa... sasa mbona ulitoka nyumbani?"

"Mimi ungeniibia ningekaa. Nimezoea." Alisema bila kuinua sauti. "Lakini mama alikuwa na hiyo redio hapa, amekaa karibu kabisa, kwa sababu aliambiwa mkwe wake ataongea. Alidhani utamtaja."

Hapo sikuwa na machozi tena. Hata kukiri kwangu kulikuwa kumeenda kwa mtu ambaye siye.

"Mzee," nikamgeukia Kiema. "Nikubalie nimwombe msamaha. Nzioka atanipelekea maneno. Ama Kasiva."

"Maneno ya kupelekwa?" Mzee akauliza. "Redioni ulituma mtu?"

"Lakini nthoni, Mzee. Nitaongeaje na yeye?"

"Siku ile njiani alivunja nthoni yake kwa ajili ya ng'ombe zako. Mwanamke wa umri yake." Mkono wake ulikaza kamba. "Hiyo nyumba ndio ile. Mlango uko wazi. Kuingia sikulazimishi. Simama hapo nje, useme na mdomo yako, asikie. Akikusamehe, hii mbuzi inarudi zizini. Akikataa, mimi sina la kuongeza."

Nikamtazama Kasiva. Alikuwa amesimama kando, mikono kifuani, macho yake kwenye ule mlango. Niliona kwamba hata yeye angefuata neno la mama yake, lolote litakalokuwa.

Nikavua kofia. Nikatembea. Uwanja ule si mkubwa, lakini niliuona mrefu. Nilisimama hatua mbili kutoka mlangoni, mahali ambapo sijawahi kusimama tangu nioe. Ndani kulikuwa na giza la nyumba yenye madirisha madogo, na kiti kilichokuwa kinalialia kidogo kwa uzito wa mtu. Alikuwa pale. Alikuwa amesikia yote.

"Mwaitu," nikamwita. Mama. Sikuwahi kumwita hivyo. "Ni mimi Mulwa. Unga ni yako. Niliiba, na siku ile njiani nilisikia, nikaimba makusudi ili nisikusikie. Nimekuja..."

Kiti kikalia. Nikasikia akiinuka, polepole, kwa ile pumzi ya mtu mwenye magoti mabovu. Hatua moja. Hatua ya pili. Nikainamisha kichwa nimpokee.

Hatua hazikuja kwangu. Kule ndani, mlango wa nyuma ulifunguliwa, kisha ukafungwa taratibu.

Nilipogeuka, Mzee Kiema alikuwa ameshanifikia. Alikuwa amenyoosha ule mkono wenye kamba, na Kasiva hakumzuia.